Sigara ngapi kwa siku? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namna ya kuvuta na sumu inayoingia mwilini

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Moshi kwa miaka mingi, na kila ninapokaa na wavutaji, iwe wodini, kwenye kijiwe cha bodaboda au msibani, maswali huwa ni yale yale. Nimeyaandika hapa kama ninavyoulizwa. Karibu yote yanaanza na idadi: "Navuta tatu tu", "Nimeshuka mpaka tano." Idadi ina uzito wake, sikatai. Lakini watu wawili wanaweza kununua sigara ya aina moja kwa Mangi yule yule mwenye duka, wakawasha kwa kiberiti kile kile kilichofungwa kamba dirishani, na mmoja akaondoka na sumu mara mbili ya mwenzake. Tofauti inatokana na namna kila mmoja anavyovuta, na jambo hilo watu wengi hawajawahi kuelezwa.

Kwanza, ndani ya moshi wa sigara kuna nini?

Jani la tumbaku lina nikotini na lina ubaya wake hata kabla ya kuwashwa, ila balaa kubwa linaletwa na moto. Ukivuta, ncha ya sigara hufika kwenye nyuzi joto 900 hivi. Ukiipumzisha kati ya vidole, hushuka hadi karibu 600. Kwenye joto hilo jani linavunjikavunjika na kuzaa vitu vipya. Wataalamu wamehesabu zaidi ya kemikali 7,000 kwenye moshi, na karibu 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Humo kuna benzini, ambayo imo pia kwenye petroli. Kuna fomaldehaidi, ile inayotengenezewa dawa ya kuhifadhia maiti mochwari. Kuna sianidi, na kuna madini kama kadimiamu na risasi.

Ili tuelewane katika majibu yanayofuata, shika vitu vitatu. Nikotini ndiyo inayokurudisha dukani. Ukivuta, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Lami ni ule uchafu wa kahawia unaonata, unaouona kwenye kichungi na kwenye vidole vya mvutaji wa siku nyingi. Cha tatu ni gesi ya kaboni monoksaidi, na hii watu wa Arusha na Moshi tunaijua hata kama hatujui jina lake, kwa sababu ndiyo gesi ya jiko la mkaa, ile inayoua watu waliojifungia nalo ndani wakati wa baridi. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Mvutaji hapati kiasi cha kumuua usiku mmoja. Anaipata kidogo kidogo, kila siku.

Mwili unatafuta nikotini tu. Hivyo vingine vyote vinapanda gari moja nayo.

Mimi navuta sigara 5 kwa siku, jirani yangu anavuta 20. Si nina nafuu kubwa?

Nafuu ipo, lakini sumu yako haishuki hadi robo ya yake kama unavyofikiria.

Mwili uliozoea nikotini una kiwango chake unachodai, na ukiupunja idadi ya sigara, unadai kilichobaki kwenye sigara ulizoacha. Unavuta kwa nguvu zaidi. Unavuta mara nyingi zaidi kwenye sigara moja. Unaimaliza mpaka moto unagusa kichungi. Hufanyi hivyo kwa kukusudia, na ndiyo maana hakuna anayeamini mpaka akae pembeni aangalie wenzake.

Mimi nimeangalia. Asubuhi moja nilikuwa nasubiri gari karibu na kijiwe, vijana wawili wakawasha kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa katikati ya ubishi wa mpira. Sigara ilikuwa inaungua yenyewe mkononi, majivu yanadondoka kwenye suruali, akaivuta labda mara sita au saba kisha akaitupa ikiwa imebaki robo. Wa pili alikuwa kimya. Kila alipovuta, mashavu yaliingia ndani, ncha ikawaka nyekundu, na kabla haijapoa alishairudisha mdomoni. Alipomaliza alikuwa ameishika kwa kucha, kwa sababu hapakubaki pa kuweka kidole. Kwa hesabu ya Mangi, kila mmoja alivuta moja.

Kisha kuna suala la moyo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2018, uliokusanya tafiti nyingi za miaka iliyopita, ulionyesha kwamba anayevuta sigara 1 tu kwa siku ana karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta 20. Moja, si tano. Mishipa ya damu inashtuka kwa moshi kidogo sana, na kuongeza moshi juu yake kunaongeza hatari taratibu. Saratani ya mapafu haiko hivyo. Huko idadi na miaka ya kuvuta vinahesabika zaidi. Kwa hiyo mtu wa sigara 5 anaweza kuwa na unafuu upande wa mapafu, wakati upande wa moyo anajidanganya.

Unaposema "namna ya kuvuta", unamaanisha nini hasa?

Ukubwa wa kila mvuto, umbali kati ya mvuto na mvuto, moshi unafika wapi ndani, unakaa muda gani, na unaishia wapi kwenye sigara.

Historia ya mashine inasaidia kuelewa. Namba za lami na nikotini zilizokuwa zikiandikwa kwenye pakiti zilitoka kwenye mashine ya kuvutia sigara. Marekani waliweka utaratibu wake mwaka 1967: mashine inavuta mililita 35 za moshi kwa sekunde 2, inapumzika, inavuta tena baada ya dakika moja. Mililita 35 ni kama vijiko 7 vya chai. Sasa niambie ni nani unayemjua anayevuta kwa utulivu huo, hasa aliyetoka kushusha mzigo sokoni Mbuyuni tangu alfajiri bila kugusa sigara. Mashine haina hamu. Kuna utaratibu mwingine mkali zaidi uliotoka Kanada, wa mililita 55, ambazo ni vijiko 11, kila baada ya nusu dakika, na vitobo vya kichungi vimezibwa. Ukiiweka sigara ile ile kwenye utaratibu huo, namba zinapanda sana. Mwaka 2008 mamlaka ya biashara ya Marekani iliacha kuutambua ule utaratibu wa zamani, kwa kuwa ulikuwa unawapotosha watu.

Kinachoweza kusema ukweli ni mwili wako. Kuna kifaa unachokipulizia, kinasoma kaboni monoksaidi kwenye pumzi. Gesi hiyo inapungua kwa nusu kila baada ya saa 4 au 5, kwa hiyo kifaa kinaonyesha ulivyovuta leo. Kuna pia kipimo cha kotinini, kitu ambacho nikotini inageuka kuwa ikishavunjwa mwilini. Hicho kinakaa zaidi, kinapungua kwa nusu baada ya saa 16 hadi 20 hivi, na kinapimwa kwenye mkojo, mate au damu. Watafiti wanaotumia vipimo hivi wamekuta mara nyingi kwamba watu wanaovuta idadi sawa ya sigara wana viwango vilivyoachana sana.

Nimesikia kichungi kina vitobo. Ni kweli?

Ni kweli kwa sigara nyingi. Chukua moja, ishike kwenye mwanga wa jua, angalia kwenye karatasi ya kichungi, sentimita moja hivi kutoka mwisho unaowekwa mdomoni. Utaona mstari mmoja au miwili ya vidoti vidogo kama vya sindano. Ukivuta, hewa ya nje inaingia hapo na kuuzimua moshi. Kwenye mashine, vitobo vinabaki wazi na namba zinakuwa ndogo. Binadamu anaishika sigara kwa vidole, na vidole vinaangukia pale pale. Au anaizamisha mdomoni mpaka midomo inafunika vitobo. Kwa hiyo moshi unaingia haujazimuliwa.

Unaweza kujipima mwenyewe bila hospitali. Ukimaliza kuvuta, geuza kipisi uangalie ule mwisho uliokuwa mdomoni. Kama doa la kahawia liko katikati na pembeni kumebaki mduara mweupe, vitobo vilikuwa wazi. Kama kahawia imeenea kote hadi ukingoni, uliviziba. Nilimwonyesha hili kaka mmoja anayeendesha kifodi cha abiria, akainama akaokota vipisi vyake vitatu chini ya kiti. Vyote vilikuwa kahawia tupu mpaka ukingoni. Alinyamaza muda mrefu.

Sasa usichukue hili kama fundisho la kushika sigara vizuri. Ukiviacha wazi, utavuta kwa nguvu zaidi kufidia. Nimelieleza ili ujue kwamba kile kichungi hakikulindi kama unavyodhani.

Basi nihamie sigara nyepesi, au zile za menthol?

"Nyepesi" ni nyepesi kwenye mashine. Nyingi zilipata jina hilo kwa kuongezewa vitobo, na mvutaji anarudisha kilichopungua kwa kuvuta zaidi. Wapo ambao wangeweza kuacha kabisa lakini wakaridhika na kuhamia nyepesi, na hilo ndilo linaloniuma. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku maneno ya namna hiyo kwenye pakiti, na Marekani ikafanya hivyo mwaka 2010.

Menthol inapoza koo. Ule ukali ambao ungekukohoza unafichwa, moshi unateremka kwa ulaini. Kikohozi kilikuwa mlinzi wa mlangoni, na menthol inamlaza usingizi. Ndiyo maana vijana wanaojifunza kuvuta huanzia hapo kirahisi. Ulaya waliziondoa sigara za menthol sokoni Mei 2020.

Huwa navuta nusu, naizima, namalizia baadaye. Si ndiyo kujipunguzia?

Hili naulizwa sana, kwa sababu sigara zinanunuliwa moja moja na hakuna anayetaka kutupa hela. Mtu anaizima kwenye ukuta, anaiweka juu ya sikio au mfukoni, jioni anaiwasha tena.

Sigara inapoungua, sehemu ya lami na nikotini inanaswa na tumbaku iliyobaki mbele yake kabla ya kufika mdomoni. Ile tumbaku yenyewe inafanya kazi ya kichungi. Kadiri inavyofupika, ile sumu iliyonaswa inachomwa upya na njia ya kuinasa imeisha. Kwa hiyo mivuto ya mwisho ina lami na nikotini nyingi kuliko ya mwanzo. Nusu ya pili ya sigara si sawa na nusu ya kwanza. Ukiizima na kuiwasha baadaye, unaanza moja kwa moja na sehemu iliyoshiba uchafu, na ile ladha chungu iliyochacha unayoisikia kwenye mvuto wa kwanza ndiyo yenyewe. Halafu unaivuta mpaka mwisho, kwa kuwa ndiyo imebaki hiyo.

Wanaogawana nao waangalie hapo. "Niachie pafu mbili" maana yake unaachiwa zile mbili za mwisho. Kijana mdogo kijiweni, anayesubiri wakubwa wamalize ndipo apewe kipisi, anavuta sehemu chafu kuliko zote. Na anakaa nao karibu karibu wakikoholeana, kifua kikuu kikiwa bado kipo mitaani kwetu na kinaenea kwa njia hiyo hiyo.

Ya asubuhi ndiyo siwezi kuikosa. Ina ubaya gani zaidi ya nyingine?

Nikotini inapungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Ukilala kwa muda wa saa 7 au 8, unaamka ukiwa mtupu, na mwili unadai deni lote kwa mkupuo. Ile ya kwanza unaivuta kwa pupa.

Ndiyo maana nikikutana na mvutaji kwa mara ya kwanza, simwulizi kwanza anavuta ngapi. Namwuliza: ukiamka, inapita muda gani kabla hujawasha? Anayewasha ndani ya dakika 5, kabla hata ya kunawa uso, ametekwa zaidi ya anayefika saa nne asubuhi bila kukumbuka. Watafiti wa Marekani walipopima watu kwenye mkojo walikuta kwamba wanaowasha mara tu wanapoamka wana kiwango kikubwa zaidi cha sumu moja ya tumbaku inayoleta saratani ya mapafu kuliko wanaochelewa, hata pale idadi ya sigara za siku ilipolinganishwa. Swali hilo moja linanieleza mengi kuliko pakiti.

Mimi simezi moshi, naupuliza tu. Na rafiki yangu anaubana kifuani. Nani ana hali mbaya?

Rafiki yako. Lakini sikiliza na yako.

Anayebana moshi hapati nikotini ya maana zaidi, kwa sababu ikishafika kwenye mapafu karibu yote inafyonzwa papo hapo. Anachoongeza ni lami, kwani chembe zinapata muda wa kutua na kunata ndani.

Wewe unayepuliza, moshi wa sigara za kawaida haupenyezi nikotini vizuri kupitia mdomo, kwa hiyo aliyezoea sigara huwa anauteremsha kidogo bila kujua. Angalia moshi unaotoka ukiongea baada ya kuvuta. Kama unatoka puani au unatoka mwembamba umefifia, ulishaingia. Kiko na sigara kubwa ni tofauti. Moshi wake unafyonzwa na mdomo wenyewe, na wazee wa kiko wanapata saratani za mdomo na koo bila kuwahi kuuteremsha kifuani. Aliyetoka kwenye sigara akahamia kiko, naye huhama na tabia yake ya kuuteremsha.

Wagumu wengi, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wanavuta na bado wanapanda na mzigo. Kwa nini wao hawadhuriki?

Wanadhurika. Hili linanigusa kwa sababu nina ndugu waliobeba mizigo kwenye njia ya Marangu na ya Machame.

Kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni unayoipata kwenye kila pumzi ni kama nusu ya ile ya usawa wa bahari. Mwili wa mgumu umezoea, damu yake imejipanga, na ana nguvu ambazo mgeni hana. Lakini mvutaji mzito anaweza kuwa na asilimia 5 hadi 10 ya damu yake imeshikwa na kaboni monoksaidi, na wengine zaidi. Asiyevuta kwa kawaida hafiki 2. Ukiwa chini mjini, mwili unafidia na husikii kitu. Ukiwa kambi ya Kibo usiku wa manane na baridi, ile asilimia inachukuliwa kutoka kwenye oksijeni ambayo tayari ni ya kugombania. Ongeza jiko linalowaka ndani ya hema lililofungwa zipu, ambalo linatoa gesi hiyo hiyo.

Wakifika kambini, wengi wanatua mzigo na kuwasha papo hapo, kifua bado kinapanda na kushuka. Ningewaomba hilo moja kwanza. Tua, kaa, kunywa chai, pumzi itulie. Na siku ya kupandisha kutoka Kibo, usiwashe kabisa tangu jioni. Muda wa saa nane bila sigara unaondoa sehemu kubwa ya gesi hiyo kwenye damu, kwa hiyo unaongeza oksijeni bila kununua chochote.

Si inapasha mwili joto wakati wa baridi?

Hapana. Nikotini inabana mishipa midogo ya mikono na miguu, damu ya moto inapungua huko, na vidole vinazidi kupoa. Joto unalolisikia ni la kiberiti.

Shisha inapita kwenye maji. Je, haisafishwi?

Maji yanapoza moshi, na moshi uliopoa unavutika kwa wingi. Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu mwaka 2005 kwamba kikao cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu ujazo wa moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Ni ujazo, si kwamba kila sumu inazidi mara 100, lakini kwa kaboni monoksaidi hali ni mbaya kweli, kwa sababu juu ya tumbaku kuna mkaa unaowaka na unavuta moshi wa vyote viwili. Kichwa kuuma na kizunguzungu baada ya shisha mara nyingi ni dalili ya gesi hiyo.

Na ugoro?

Ugoro hauungui, kwa hiyo hauna kaboni monoksaidi wala lami ya moshi. Hapo ndipo unafuu wake unapoishia. Nikotini yake ni nyingi, na magadi yanayochanganywa humo yanaifanya ipenye haraka kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Ina kemikali za tumbaku zinazoleta saratani, na zinakaa mahali pamoja, chini ya mdomo au shavuni, saa nyingi. Bibi na mama zetu wengi wanaotumia hawajihesabu kuwa watumiaji wa tumbaku. Mama, ukiona doa jeupe au kidonda mdomoni kisichopona wiki mbili, nenda hospitali kikaangaliwe.

Nikinywa tu ndipo navuta. Hiyo nayo ni tatizo?

Pombe inaondoa breki. Mtu wa sigara 3 anaweza kufika 10 kabla ya baa kufungwa, na anavuta kwa kina zaidi. Halafu kuna jambo zito: pombe na moshi kwa pamoja vinaongeza hatari ya saratani ya mdomo, koo na umio kuliko ukijumlisha hatari ya kila kimoja peke yake. Saratani ya umio iko juu katika ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki. Nimewalisha kwa mrija watu walioshindwa kumeza hata uji. Sitaki kulifanya jambo hili dogo.

Navutia dirishani au mlangoni ili watoto wasipate. Inatosha?

Haitoshi. Kati ya mvuto na mvuto, ncha inaendelea kutoa moshi ambao haujapita kwenye kichungi wala kwenye mapafu ya mtu yeyote, na kwa kuwa unatoka kwenye moto mdogo, gramu kwa gramu una sumu zaidi ya ule unaouvuta wewe. Upepo wa dirishani unaurudisha ndani. Wengi tunaishi chumba na sebule, wengine chumba kimoja cha kupanga, na mtoto analala pale pale. Mtoto anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo anavuta zaidi kwa kila kilo ya uzito wake. Nimonia, pumu, masikio kuuma mara kwa mara: tukiona hayo tunauliza nani anavuta nyumbani. Toka nje kabisa, mbali na mlango, na ukirudi badili shati kabla ya kumbeba mtoto.

Na usimtume mtoto sigara kwa Mangi. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na Mangi anakubali kwa sababu anajua ni zako.

Nina mimba. Nimepunguza, lakini hamu imezidi. Kwa nini?

Dada, si udhaifu wako. Mimba inaufanya mwili uvunje nikotini haraka zaidi, kwa hiyo inaisha mapema na hamu inarudi mapema. Hatari ni kwamba utavuta kwa nguvu zaidi zile chache ulizobakiza, na kaboni monoksaidi inavuka hadi kwa mtoto na kumpunguzia oksijeni. Mwambie mkunga kliniki waziwazi. Hakuna mkunga mwema atakayekufokea, na ukikutana na anayefoka, mtafute mwingine. Kuacha wakati wowote wa mimba kunamsaidia mtoto, hata mwezi wa saba.

Kwa hiyo kupunguza hakuna maana?

Kuna maana kama ni ngazi ya kuteremkia hadi chini na umeipangia tarehe. Kama ni mahali pa kukaa, faida ni ndogo kuliko unavyotarajia. Huko Norwei watafiti walifuatilia kwa miaka mingi wavutaji wazito waliopunguza zaidi ya nusu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 hayakuonyesha kwamba walipata nafuu ya maana katika hatari ya kufa mapema, tofauti na walioacha.

Ukipunguza kwa kutumia chingamu au plasta za nikotini, hadithi inabadilika, kwa sababu mwili unapewa kile unachodai bila moshi, kwa hiyo haufidii sana kwenye sigara. Dawa hizi zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Ulizia famasi kubwa za mjini, na zungumza na daktari kama una ugonjwa wa moyo au mimba.

Ukiacha, gesi ile inashuka hadi kiwango cha kawaida ndani ya siku moja. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inakuwa imepungua kwa karibu nusu. Mapafu yanachukua muda mrefu zaidi, miaka 10 hivi kwa hatari ya kufa kwa saratani yake kushuka hadi karibu nusu ya anayeendelea kuvuta.

Nimeacha siku ya nne leo. Mikono inatetemeka, silali, moyo unadunda. Ni sigara inanidai?

Sehemu ni hiyo. Lakini niambie, unakunywa vikombe vingapi vya kahawa?

Hili huwa halisemwi, nasi tunaishi kwenye nchi ya kahawa. Moshi wa sigara unaliamsha ini livunje kafeini haraka. Ni moshi unaofanya hivyo, si nikotini. Ulipokuwa unavuta, vikombe vyako vitano vya kahawa chungu kijiweni vilikuwa vinaisha nguvu mapema. Umeacha sigara, ini limerudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, na vikombe vitano vile vile sasa vinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Kutetemeka, kukosa usingizi na hasira huongezeka, mtu anasema "siwezi kuacha", anarudi kwa Mangi.

Kunywa nusu ya ulichozoea. Baada ya saa nane mchana usinywe kabisa, chukua chai ya tangawizi isiyo na majani. Siku ya saba nitumie ujumbe uniambie umelalaje.